Barabara Iliyomlalia Adero

Dhahabu ilipowatia watu wazimu kule Nyangoto, kila aliyesikia wapimaji wanakuja alisimamisha upesi kibanda cha mabati ili apate fidia. Tegesha, ndivyo walivyoviita. Wengine walitegesha hata makaburi: kifusi, msalaba, na machozi ya kuazima. Ndiyo maana mzee Okal aliposema mkewe, Adero, amelala pale kilipochomekwa kigingi cha barabara mpya, wapimaji walicheka.

“Na hili umelitegesha lini, mzee?”

Kokushubira, ofisa mipango miji aliyeletwa kutoka Bukoba, akasogea, akavua kofia.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Ramani yako nimeiona. Juu kilimani nyumba za wazungu wa mgodi, miti, maji ya bomba. Huku kwetu vumbi na lundo la mawe. Tumezoea, wakubwa wetu macho yao humwona mgeni tu. Ila nieleze kitu kimoja. Barabara imekuja imenyooka, ikafika uwanja wao wa tenisi ikapinda, ikaja kumlalia Adero. Huo uwanja una ngozi gani?”

Kokushubira akainama. “Niliambiwa hapa hakuna kitu.”

“Kitu hakuna. Kuna mtu.”

Binti akauliza, “Alikuwaje?”

“Mkali. Chumvi ikizidi kwenye mboga, nalaumiwa mimi niliyeinunua.” Sauti ya mzee ikalegea. “Sisi Wajaluo mke hulala kushoto mwa nyumba, mume kulia. Pangu ni pale. Mkipitisha malori juu yake, atanisikiaje?”

Kokushubira akakishika kigingi kwa mikono miwili, akakitikisa mpaka kikang’oka.

“Dada,” mpimaji mmoja akaguna, “ikimkwepa huyu bibi, itagonga tenisi.”

“Basi igonge.”

“Wakubwa watakula kichwa chako.”

“Watakuja kwangu. Pima upya.”

Okal hakuwa mtu wa kuiamini serikali, hata ingemwambia jua limechomoza. Hicho kigingi kesho wangeweza kukirudisha, alijua. Lakini aliingia ndani, akatoka na kigoda cha Adero, ambacho hakuna aliyekikalia tangu msiba, akakipangusa kwa kiganja.

“Kaa, nyara. Kaa, binti yangu. Hao wakubwa wakija, watukute wote watatu hapahapa.”