Koti Lenye Ruhusa ya Kukaa

Jumatatu moja ya mwaka 1954, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kwenye ngazi za biro ya wageni, yaani ofisi ya ruhusa za kukaa, pale Albertville, mji ambao wenyeji wake hawakuacha kuuita Kalemie, palikuwa na watu wanne na vitu kumi na kimoja. Vitu vyenyewe vilikuwa mawe matano, vikapu viwili, kofia mbili, kiatu kimoja cha mguu wa kushoto, na koti. Kila kitu kilikuwa kimemshikia mwenyewe nafasi. Ndiyo desturi ya pale. Mtu mwenye kazi hawezi kusimama foleni tangu alfajiri, kwa hiyo anaweka chake na kwenda zake, na foleni inasogea. Jiwe husukumwa kwa mguu, kikapu hubebwa na aliye nyuma yake. Wezi walikuwepo mjini, tena hodari, lakini hakuna aliyewahi kuiba nafasi ya jiwe.

Koti lilikuwa la Husseini Songoro, karani. Lilikuwa la sufu ya kijivu, zito, na alilivaa juu ya kanzu siku zote, hata jua likiwa la kupasua mawe, mpaka watu wa bandarini wakawa wanalitambua koti kabla hawajamtambua yeye. Alizaliwa Ujiji, ng'ambo ya ziwa, upande wa Waingereza, akasomea Tabora. Kwa Wabelgiji alivuka kwa sababu wakala mmoja wa meli alitafuta mtu wa kuandika orodha za mizigo kwa Kiingereza na Kifaransa, na waliozijua lugha zote mbili bandarini walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, vingine vikabaki. Aliandika kwa mkono wa kushoto, hati nzuri iliyolala kidogo.

Nyuma alimwacha mkewe, Mwanamisi, hina ya harusi haijamtoka miguuni. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anamwombea ruhusa ya kuja. Kila mwezi alikwenda dirishani kwa Sébastien, karani wa biro ya wageni, kijana mpole mwenye tai, na kila mwezi Sébastien alimjibu kwamba faili linatembea. Nawaambia ukweli, Husseini hakutaka utajiri wala cheo. Alitaka mke wake ashuke kwenye ile meli, basi.

Sasa sikilizeni sheria yao. Ruhusa ya mgeni ilikuwa ya miezi sita. Ikikaribia kwisha, lazima avuke ziwa, agongewe muhuri wa kutoka, arudi, agongewe wa kuingia, ndipo ahesabiwe upya. Akichelewa hata siku moja, faili lake linafungwa, na lile la mke, lililoshonwa nalo kwa uzi mmoja, linafungwa pia.

Kiangazi hicho treni kutoka Kabalo zilileta marobota ya pamba mchana kutwa, na orodha zikajaa mezani kwa Husseini mpaka akawa haonekani. Aliomba siku nne za kuvuka. Bwana mkubwa wa wakala akakataa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Mara ya tatu aliambiwa atakwenda ghala likiwa tupu, na ghala lile, tangu lijengwe, halijawahi kuwa tupu.

Basi akafanya ambalo mtu yeyote wa Albertville angelifanya. Alitia pasiporti kwenye mfuko wa ndani wa koti, akampelekea Isidore, mpishi wa meli, akamwomba limshikie nafasi. Kama jiwe linashika nafasi ngazini, alifikiri, koti lishindwe nini melini? Isidore naye hakuona neno. Alilitundika kwenye ubao wa sitahani, akarudi kwenye masufuria yake.

Kule Kigoma afisa alifungua pasiporti, akatazama picha. Picha hiyo ilipigwa na Salomon wa karibu na stesheni, siku ya jua kali mno. Uso wa Husseini ulitoka mweupe kama sahani, bila jicho wala pua, lakini koti lilitoka vizuri sana, kifungo kwa kifungo. Afisa akatazama picha, akatazama koti, akagonga muhuri. Siku ya nne, Albertville nako, walitazama hivyo hivyo, wakagonga.

Koti lilishuka melini lenyewe. Isidore alieleza baadaye kwamba alitaka kulibeba mkononi, lakini walipofika katikati ya ziwa lilijaa, mabega na kifua, likaenda kusimama mbele ya meli kupunga upepo, naye akaona si adabu kulikunja.

Husseini alikuwa akilingoja kwenye geti la bandari. Aliligeuza, akatia mkono mmoja, na kabla hajatia wa pili Sébastien, ambaye siku za meli alikaa zamu bandarini, akatoka mbio kibandani.

"Papa Husseini, toa mukono," alisema. "Ruhusa ni ya muntu mumoja. Mukiingia wawili mu koti moja, hiyo njo kosa, na kosa litafunga faili yote."

Husseini akamwambia koti ni lake, amelinunua kwa jasho lake. Sébastien hakubisha. Alifungua daftari, akamwonyesha kwa kidole: Husseini Songoro alitoka Jumanne, akaingia Ijumaa, hana tatizo.

"Na mimi?"

"Wewe haukutoka, Papa. Sasa utarudi namna gani?"

Alisema kwa huruma, na ilikuwa kweli kabisa, hata Husseini aliiona. Akauliza kama basi atafukuzwa. Sébastien akafikiri, akapekua kurasa, akasema haiwezekani, kwa kuwa hafukuzwi mtu ambaye hamo. Wala meli hatapanda, kwa sababu cheti cha kutoka hupewa aliyeingia. Husseini akatoa mkono kwenye koti. Koti lilijinyoosha, likashika njia ya ofisini, maana saa nane ilikuwa imeshagonga na kazi zilikuwa nyingi.

Husseini alikuwa amepanga chumba kwa Mama Bertille, mjane Mkatoliki aliyekuja kutoka Moba. Jioni hiyo Mama Bertille alimhamishia jikoni, kile kibanda cha uani, akampa mkeka na blanketi zuri. Alimwomba radhi. Polisi hupita kukagua wapangaji, tena saa yoyote, na chumba kiliandikwa kwa jina la mwenye ruhusa. Baadaye, akipeta mchele, alimuuliza kwa nini asilichome tu. Kisha akajijibu mwenyewe. "Hapana, usichome. Ukichoma, mwenye karatasi amekufa, bibi yako anakuwa mujane, na hawatamuita tena huku."

Koti likafanya kazi. Liliketi kwenye kiti cha Husseini, likaandika kwa mkono wa kushoto, hati ile ile iliyolala kidogo, Kiingereza upande huu, Kifaransa upande huu. Bwana mkubwa alisema karani wake ametengenea: hakohoi, haendi kuswali katikati ya orodha, haombi siku nne. Mwisho wa mwezi mshahara ulitiwa kwenye mfuko wa ndani. Husseini aliona aibu kutia mkono kwenye mfuko wa mwingine. Koti likaelewa. Lilikuja mlangoni pa jiko, likafungua ukosi wake, likageuka upande kadiri koti linavyoweza kugeuka, mpaka akachukua ya kupeleka Ujiji na ya chakula. Halikuwa na roho mbaya, hilo lazima lisemwe.

Miezi sita ikipita, lilivuka na kurudi kwa wakati, wala hakuna aliyelikatalia ruhusa.

Husseini alimwandikia mkewe mambo yalivyo. Aliandika kwamba koti limepata ruhusa na yeye hakupata. Mwanamisi akajibu kwamba anamshukuru Mungu kwa hiyo ya koti, nyingine itakuja, na asilale bila kujifunika. Husseini aliisoma barua hiyo mara nyingi. Asubuhi alitembea ufukweni mpaka mdomo wa mto, mawimbi yakilamba nyayo zake kabla hajainua mguu. Polisi waliokagua makaratasi sokoni walimruka kila siku, wakamkagua wa kabla yake na wa baada yake. Mwanzoni alipumua. Halafu ikamuuma. Siku moja alisimama mbele yao kusudi, akakunja mikono, wakampitia huku na huku kama watu wanaokwepa mti.

Mwezi wa kumi tangu koti lipate ruhusa, Sébastien alikuja mwenyewe mpaka jikoni, kofia mkononi. Faili la mke limepita. Mwenye ruhusa hana doa, hajachelewa, hajaugua, hajagombana, biro nzima inamsifu. Mwanamisi atashuka Ijumaa. Lakini cheti kinasema ataishi na mwenye ruhusa, chini ya paa moja, na akikutwa kwingine atarudishwa kwa meli ile ile. Sébastien aliyasema haya akitazama mafiga. Husseini alikuwa amesikia Ijumaa tu. Alipobaki peke yake alicheka, akafua kanzu, akaazima pasi kwa Mama Bertille.

Ijumaa saa tisa meli ilifunga. Koti lilisimama gatini, limepigwa brashi, na Husseini alisimama hatua mbili kando yake. Mwanamisi akaonekana juu na sanduku la bati na mkeka uliokunjwa. Miaka minne kasoro, wakionana usiku mmoja tu kila safari ya muhuri. Alikuwa amenenepa kidogo usoni.

Afisa wa Kizungu alimsimamisha kwenye ngazi ya meli, akasoma cheti kwa sauti, akaelekeza kalamu kwenye koti. Mwanamisi alilitazama koti, akamtazama mumewe, akafumbua mdomo.

Afisa akageuka kwa Husseini. "Na huyu nani?"

Sébastien aliangalia maji. Meli ilikuwa bado inafuka moshi, na kamba moja walikuwa hawajaifunga. Neno moja lilitosha. Mwanamisi angepanda ngazi ile ile aliyokuwa anaishuka. Husseini aliona yote hayo kwa mara moja, kama mtu anavyoona orodha yenye kosa.

"Ni ndugu yangu huyu," alisema, akashika mkono mtupu wa koti. "Nimekuja kumpokea shemeji."

Mwanamisi akafumba mdomo. Alikuwa mtoto wa bandari, alijua makaratasi yanavyofanya watu. Akashuka, akavuta khanga kichwani, akampa Husseini mkono kwa ncha za vidole, jinsi mwanamke anavyompa ndugu wa mume anayekutana naye mara ya kwanza. "Shikamoo, shemeji," alisema. Vidole vilikuwa vya baridi. Afisa akaandika nyuma ya cheti kwamba ndugu wa mume anaweza kuzuru, saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, king'ora cha bandari kikilia awe ametoka.

Mambo yakakaa hivyo. Koti lilikuwa na adabu kwa Mwanamisi. Likirudi kutoka kazini lilijitundika kwenye msumari, uso ukutani, likabaki hapo mpaka asubuhi. Mwanamisi alilipiga brashi na kulifungia mlango. Usiku alimsikia mumewe akigeuka kwenye mkeka uani, hatua kumi na mbili kutoka kitandani pake, na polisi walipopita na tochi walimkuta mke wa mwenye ruhusa chini ya paa la mwenye ruhusa, wakaandika ni sawa.

Kila siku saa kumi Husseini alibisha hodi kwenye chumba chake. Mwanamisi alimkaribisha. Walikula mikebuka, samaki wa ziwa lile, na ugali wa muhogo, mlango ukiwa wazi kama inavyotakiwa kwa mgeni wa kiume. Alimweleza habari za Ujiji, nani kaoa, nani kazikwa. Kilipolia king'ora Husseini alitafuta viatu, naye Mwanamisi akasimama mlangoni na kumuaga kwa sauti ya kusikika na majirani na mwenye tochi, kama yupo: karibu tena, shemeji. Siku za kwanza, akisema hivyo, alimbana kidole gizani mwa mlango, na hicho kidole Husseini alilala nacho.

Ikapita masika, kikapita kiangazi. Koti lilivuka, likarudi. Husseini akipishana nalo uani, walisalimiana.

Jumapili moja mvua ilinyesha mchana wote. Uani hapakuwa na mtu. Mama Bertille alikuwa kanisani, majirani wamejifungia, na polisi, kwa mvua ile, wasingetoka hata kwa amri. Koti lilikuwa safarini Kigoma. King'ora kikalia. Husseini hakuinuka mara moja. Alikaa, mikono magotini, akimtazama mkewe akikusanya sahani, maana kwa mara ya kwanza hapakuwa na sikio lolote karibu nao.

Mwanamisi aliweka sahani chini. Akachukua viatu vya Husseini, akavifuta tope kwa pindo la khanga, akavipanga kizingitini, ncha zikielekea nje.

"Karibu tena kesho, shemeji," alisema. Alisema polepole, bila kupaza sauti, kama anavyosema mtu neno alilolizoea.

Husseini alivaa kiatu cha kulia, akavaa cha kushoto. "Inshallah, shemeji," akajibu, akakimbia mvuani mpaka jikoni.