Kilichokwenda Mezani

Ijumaa, tarehe tatu ya mwezi wa nne. Mvua nyembamba ilianza kabla ya alfajiri na haikukata, na hewa ndani ya nyumba ilikuwa nzito kama nguo zilizoanikwa chumbani. Nilisali nikiwa nimepiga magoti jikoni, kati ya jiko la gesi na gunia la mkaa, kwa sababu sebule na vyumba vyote vilikuwa vimejaa wageni waliolala. Niliomba jambo moja tu: sufuria kubwa ifike zahanati salama.

Muuguzi mkuu wa zahanati iliyo mwisho wa mtaa wetu alikuwa ameniita wiki mbili kabla. "Mama mpishi," aliniambia, "siku za kawaida kila mtu anaweza kutuletea chakula. Sikukuu ikifika wote wanatukimbia, ila wagonjwa ndio hawatukimbii. Niletee chakula cha watu ishirini na wawili siku ya sikukuu, saa saba na nusu mchana. Ukiiweza siku hiyo, kuanzia mwezi ujao utatupikia kila siku."

Nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Mimi nilianza masomo ya jioni nikiwa na miaka arobaini na moja, sijui kusoma hata kibao cha duka. Nikajifunza kusoma, kisha nikahamia darasa la upishi katika jengo lilelile, ambako wenzangu wanalingana na watoto wangu. Mwalimu wetu tunamwita Vijiko Viwili, kwa sababu ukionja mara mbili kwa kijiko kimoja anakutoa nje. Kila jioni lazima aseme, "Kilichokwenda mezani hakina nauli ya kurudi." Nililiandika neno hilo kwenye daftari kwa wino mwekundu na kulipigia mstari kwa rula.

Tatizo ni kwamba mume wangu ndiye mtoto mkubwa wa mama yake, na nyumba yetu ndiyo yenye sebule. Tangu mama mkwe achoke kupika, kila sikukuu ukoo unashukia kwetu, na mpishi ni mimi. Mwaka huu nilimwomba mume wangu, ambaye ni fundi bomba, waende kwa dada yake. Alinijibu bila kuacha kufunga kamba za viatu.

"Mke wangu, wageni hawahamishwi kama jenereta. Pika vyote viwili. Si umesoma?"

Nikapika vyote viwili. Siku nyingine ningepika uani, lakini mvua ilinifungia ndani na sufuria zangu zote. Nyama ya zahanati ilikuwa kwenye sufuria kubwa juu ya gesi. Nyama ya ukoo ilikuwa kwenye sufuria ya wastani juu ya mkaa, karibu na mlango wa nyuma. Nisije nikachanganya, nilibandika utepe wa karatasi kwenye mfuniko wa ile kubwa nikaandika ZAHANATI kwa herufi nene. Herufi zilikaa sawasawa. Nilirudi nyuma hatua moja nikazitazama, na nakiri kwamba nilijisikia mtu.

Kila ninapofunika sufuria huwa nasema dua fupi: "Ee Mungu, atakayekula hiki asidhurike." Niliisema, nikapunguza moto, nikaenda kuwapakulia wageni.

Walikula saa nne. Naomba Mungu anisamehe kwa jinsi nilivyowatazama, lakini niliwatazama. Dada huyo wa mume wangu, yaani wifi yangu, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Yeye hula gegedu kwa kulitafuna mpaka liwe jeupe, kisha hulitema pembeni mwa sahani huku akiendelea kuhadithia. Mmoja alifuta mchuzi kidevuni kwa kipande cha mkate, akakiangalia, akakirudisha sahanini. Mume wangu, aliyezibua choo cha jirani jana yake, alikuwa akichokonoa meno kwa kijiti na kupachika kijiti kwenye wali kama bendera.

"Wifi," Redio aliniita mdomo umejaa, "huko shuleni mnafundishwa kusimama hivyo kama askari? Keti ule!"

"Nimeshiba, wifi."

"Ameshiba herufi huyo!" alisema, na punje tatu za wali zikaruka hadi kwenye kitambaa cha meza.

Nilikwenda kuoga na kuvaa nguo safi za kupelekea chakula. Sikuchukua zaidi ya robo saa. Niliporudi jikoni, sahani zilikuwa zimepangwa kwenye beseni, hazijaoshwa lakini hazina hata chembe. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, amekunja mikono, mwenye amani kabisa.

"Mama, asante. Mabaki umeyamwaga wapi?"

"Mimi na kumwaga chakula wapi na wapi?" alisema. "Akiba haiozi, mwanangu."

Sikuelewa. Nilichukua mwiko, nikafunua sufuria kubwa nigeuze nyama mara ya mwisho. Kitu chembamba kilizama, kikaibuka tena katikati ya mchuzi. Kilikuwa kijiti cha meno. Nilipogeuza, likaja gegedu lililotafunwa, jeupe, limekunjamana, lenye alama za meno. Nyuma yake wali uliovimba, na kipande cha mkate kilicholegea mpaka kikawa kama kamasi.

Maji yalinijaa mdomoni, nikashika ukingo wa sinki nikisubiri kutapika, na sikutapika, ambalo lilikuwa baya zaidi.

"Mama, umerudisha mabaki humu?"

"Sasa nirudishe wapi? Sufuria kubwa ndiyo ya nyumbani siku zote. Ile ndogo nikajua ni ya hao watu wako."

"Lakini yametoka midomoni mwa watu!"

"Midomo ya nani? Ya wanangu." Alinitazama kama anayemtazama mtoto mkorofi. "Nimelea tisa kwa njia hii. Sufuria yangu haikuwahi kuoshwa na chakula ndani. Na wewe umeila mboga yangu sikukuu kumi na nane, ukaomba na nyongeza."

Hapo ndipo nilipoketi. Sikukuu kumi na nane. Nilikumbuka ule mchuzi wake mzito niliousifia mbele za watu, nikimwuliza anaufanyaje uwe mzito vile. Ulimi wangu wenyewe ulinikirihi. Nilitamani kuutoa niusugue kwa majivu.

Mume wangu na Redio walikuja kwa kusikia sauti. Nilionyesha kijiti juu ya mwiko.

"Hicho changu," alisema mume wangu, kama mtu aliyeona kofia yake iliyopotea.

Redio alicheka mpaka akashika mlango. "Haba na haba hujaza kibaba! Wifi, acha makuu. Mate ya ndugu si sumu."

"Wauguzi si ndugu zako."

"Watajuaje?"

Mume wangu alisogea akaongea kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. "Sikiliza, mke wangu. Toa hicho kijiti. Toa na gegedu. Chemsha tena, moto unaua kila kitu. Mimi naingiza mkono kwenye mitaro kila siku na niko hai. Saa tano imepita. Mwaka mzima umeombea kazi, uitupe kwa kijiti?"

Sitajifanya mwema. Nilitoa kijiti. Nilitoa gegedu, nikaopoa mkate kwa kijiko cha matundu, nikachuja wali. Niliongeza moto. Mchuzi ulichemka ukanukia vizuri kama mwanzo, na harufu ile nzuri ndiyo iliyonichukiza kuliko vyote, kwa sababu ilikuwa tayari kunisaidia kudanganya. Niliufuta ukingo wa sufuria kwa kitambaa safi. Nikashika mfuniko wenye herufi zangu, nikafunika, nikafumba macho.

"Ee Mungu," nikasema, "atakayekula hiki..."

Sikuweza kuendelea. Nilijaribu tena. Neno la mwisho, ambalo nimelisema juu ya kila sufuria tangu niolewe, lilikataa kutoka. Nilisimama pale nimeshika mfuniko wa moto mpaka vidole vikaungua, nikajua kwamba nikilisema nitakuwa nimemtemea Mungu mate usoni, na nisipolisema nitakuwa nimeyatema mate yale mezani kwa watu.

Nikazima gesi, nikampigia simu muuguzi mkuu.

"Dada, nyama haitakuja. Nina trei mbili za mayai na mchele mbichi. Nitaleta wali na mayai ya nyanya, saa ileile."

"Nyama imefanyaje?"

Redio alikuwa akinipungia mikono na kutamka bila sauti: *imeungua, imeungua.*

"Imerudishiwa mabaki ya wageni," nilisema. "Kwa bahati mbaya. Nimeiona mimi mwenyewe."

Nyuma yake nilisikia mtoto akilia wodini.

"Leta hayo mayai," alisema. "Tutaongea ukishafika."

Mayai yale yalikuwa ya kifungua kinywa cha wageni kwa siku mbili zilizobaki. Sikumwomba mtu ruhusa. Nilisugua meza kwa sabuni, nikasugua mikono hadi viwikoni, nikafunga mlango wa jikoni kwa komeo na kumwacha ndani mama mkwe tu, kwa sababu alikataa kuinuka kigodani. Alinitazama muda wote nikikata nyanya. Ilipofika dua, niliisema yote, mpaka mwisho. Yeye ndiye aliyeitikia amina, kwa sauti ndogo ya hasira.

Sufuria kubwa niliitoa nikaiweka mezani sebuleni, nikawaeleza wote kilichomo, bila kuficha. Nilidhani watakunja nyuso. Mmoja alisema, "Kumbe iko nyingine!" Wakaipakua. Redio alijaza sahani, akakuta gegedu lililonipita, akaliinua juu.

"Jamani, hili langu! Limenifuata!"

Walicheka, na yeye akalitia mdomoni tena. Nilitoka nje kwenye mvua, nikainama kando ya ukuta, na safari hii nikatapika.

Mume wangu alikubali kubeba sufuria ya mayai, akatangulia. Nilipochukua hotpoti ya wali, mama mkwe alininyang'anya.

"Nakuja. Nataka nimwone huyo mtu anayeogopa mate yangu."

Tulitembea chini ya mwavuli mmoja, yeye akiikumbatia hotpoti kama mtoto. Karibu na lango aliuliza bila kunitazama, "Uliandika nini pale kwenye mfuniko?"

"Zahanati, mama."

"Unajua mimi sisomi."

"Najua."

"Basi ungenitamkia. Mdomo unao." Alivuta hatua mbili. "Ulikuwa hivihivi kama mimi jana tu."

Nilikumbuka nilivyorudi nyuma hatua moja kuzitazama herufi zangu, na nikajionea kinyaa kama kile cha kijiti.

Chumba cha wauguzi kilinukia dawa ya sakafu. Muuguzi mkuu aliosha mikono taratibu, kila kidole peke yake, mama mkwe akimkodolea macho. Alifunua sufuria, akaonja kwa kijiko, akakiweka kile kijiko sinkini, akachukua kingine kuonja wali. Nilikaribia kulia kwa kitu kidogo kama hicho. Wenzake waliingia kwa zamu, wakapakuliwa, wakala wamesimama. Mmoja aliomba nyongeza. Mume wangu alikuwa amepewa sahani naye, anakula pembeni akiwa ameinamisha kichwa.

"Mayai ni mazuri," alisema muuguzi mkuu. "Na umeniambia ukweli wakati uongo ulikuwa karibu. Lakini mama mpishi, mimi nina watu wenye vidonda na watoto wachanga humu. Zahanati haifungwi sikukuu. Na wageni wako nao, naona, hawafungwi. Nitajuaje kwamba haitatokea tena?"

"Kosa lilikuwa langu," mama mkwe alidakia, mikono kiunoni. "Kama ni kosa. Mkwe wangu ni msafi kupita kiasi, anaudhi. Mpe kazi."

Wauguzi wawili walicheka. Muuguzi mkuu hakucheka.

"Nimesikia, mama. Namuuliza yeye."

Mume wangu aliinua macho, na nilijua anachoniomba kwa macho yale: niseme jambo laini, jambo la kati, ambalo nyumbani tutaligeuza. Mama mkwe alikuwa amekwisha kuanza kutabasamu, kama mtu aliyemaliza kesi. Mdomoni mwangu bado kulikuwa na uchungu wa matapishi. Niliiweka chini ile pawa ya kupakulia, nikasimama wima, nikaongea kwa sauti ili hata aliye mlangoni asikie.

"Naahidi mbele ya mama yangu huyu, mbele ya mume wangu, na mbele yenu nyote mnaokula: chakula cha zahanati hakitapikwa tena ndani ya nyumba yenye wageni. Kila sikukuu nitawapikia ninyi. Ukoo utashukia kwa Redio, utapikiwa na Redio, na mimi sitakwenda kuonja. Mungu ananisikia, na nikilivunja neno hili, msinifungulie tena mlango huu."