Mkwe Yuko Majini

Seline alikuwa ametandika vitanda vya watu tangu utotoni, akianza na vya wadogo zake. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza kuingia chumbani akakuta kitanda kimeshatandikwa, na juu ya mto kuna taulo lililokunjwa likawa bata. Akamzunguka yule bata, akamgusa mdomo, akacheka peke yake. Kisha akakumbuka ni nani aliyemleta hapo, na kicheko kikamkatika.

Aliyemleta ni mkwe wake, Wachira, Mkikuyu mwenye duka la misumari na mabati mjini Kisumu. Huyu ndiye aliyemwoa binti yake Lornah, na ndiye aliyemzika kwao Nyahururu, mwaka wa pili sasa. Lornah aliacha mtoto mmoja, Waithira, msichana wa miaka minane aliyepewa jina la mama yake Wachira, kama Wakikuyu wanavyofanya kwa binti wa kwanza. Binti wa pili angeitwa Seline. Hakuzaliwa.

Sasa usidhani mkwe na mama mkwe walikuwa na ugomvi. Ugomvi ungekuwa afadhali, maana wagombanao husemezana. Kwa Seline, Mjaluo wa Otonglo aliyelelewa akaleleka, mama mkwe hali meza moja na mkwe wake, hamshiki mkono, hamkazii macho, na zaidi ya yote halali chini ya paa analolala yeye. Hiyo ni heshima, wala haina mjadala. Kila neno kati yao lilipitia kwa Lornah, naye alilibeba vizuri, akilipunguza ukali huku na kulitia sukari kule. Alipokufa, kazi hiyo ikamwangukia mdogo wake, Winny, aliyekuwa akimleta Waithira Otonglo kila Jumapili. Halafu Winny akapata kazi Doha. Tangu hapo hakukuwa na wa kubeba neno wala wa kumleta mtoto. Seline akakaa kwenye cherehani yake akishona sare za shule, akingoja mkwe wake afanye linalompasa. Mkwe hakutokea.

Ndipo simu ikalia, na sauti ikawa ya mtoto.

"Dani! Baba anasema twende hoteli ile iko na mabembea. Na wewe pia. Utakuja?"

Dani ndilo jina la bibi kwa Wajaluo, na Seline alipolisikia aliacha kushona. Alijiambia kwamba hatimaye mkwe amezinduka. Akaazimia hiyo ndiyo safari ya kuomba mtoto awe analetwa kwake tena, wakati wa likizo au hata mwishoni mwa juma. Namna ya kuomba bila mbebaji hakuijua, lakini alifunga mzigo wake akaenda.

Hoteli yenyewe iliitwa Nyanam, nje ya mji, ziwani kabisa. Nusu yake ilikuwa vyumba na nusu bustani ya michezo: mabomba ya kutelezea majini, mabembea ya kila aina, na gurudumu kubwa la kupandisha watu hewani. Mlangoni walifungwa ukanda wa manjano mkononi, ule unaofungua geti la bustani. Wakapelekwa kwenye nyumba yao. Vyumba viwili, milango miwili, na paa moja.

Seline alisimama kwenye ngazi na begi lake. Wachira naye alitazama viatu vya mama mkwe, akatazama paa, akatazama tena viatu. Akaulizia chumba kingine, akaambiwa hoteli imejaa. Basi akachukua blanketi lake akaenda zake. Asubuhi Seline alipofungua pazia aliona pikapu ya mkwe wake pale maegeshoni, na miguu mirefu yenye soksi ikichungulia dirishani. Akarudisha pazia haraka. Lornah alimfundisha, alijisemea. Moyo ukamuuma na kumpoa kwa wakati mmoja.

"Dani, vaa twende kwa maji!" Waithira alikuwa ameshavaa vazi la kuogelea.

"Baba yako atakuwa huko?"

"Eeh, yeye ndiye atanishika nikishuka slaidi."

"Atakuwa amevaa nini?"

"Kaptura."

"Basi nenda na baba yako. Mimi nitawaona kutoka hapa."

Mtoto alibembeleza, akanuna, akaenda. Seline akabaki, na kusema kweli alistarehe, ingawa starehe yenyewe ilikuwa na mwiba. Alioga maji ya moto mpaka vidole vikakunjamana. Alikula samaki aliyekaangwa na mtu mwingine, akamkosoa chumvi moyoni na kummaliza. Alikaa barazani, miguu juu ya kiti cha pili, akilitazama gurudumu likizunguka taratibu juu ya miti na kuwasikia watu wakipiga mayowe kama wameporwa. Kwa muda alijihisi tajiri. Aliwaza jinsi Lornah angemcheka.

Adhuhuri Waithira alirudi, nywele zikichuruzika maji. Seline akamketisha kati ya magoti yake, akachukua kitana. Nywele zilikuwa zimesukwa ovyo, mstari huu ukienda Busia na ule ukienda Kericho. Akazifumua kimya kimya. Ilikuwa dhahiri kwamba msusi ni mwanamume.

"Dani, utanishonea uniform?"

"Ya shule yako si nilishona? Imeshakubana?"

"Si hiyo. Ile mpya. Ni ya kijani, na sweta ya kijani, na soksi ndefu."

Mkono wa Seline ulisimama. Alikuwa ameshona sare za Kisumu tangu Lornah akiwa mgongoni. Alijua buluu ya Migosi na kahawia ya Manyatta, alijua mistari na mapindo ya shule zote za barabara ya Busia. Kijani chenye sweta na soksi ndefu kwa joto hili? Hakuna.

"Shule gani hiyo, nyathina, mtoto wangu?"

"Ya Nyahururu. Tunahama. Cucu ameniwekea kitanda." Cucu ni bibi yake wa upande wa pili, yule mwenye jina. Mtoto akageuka. "Kwani baba hajakwambia?"

"Tulia nikuchane," Seline akasema.

Alimaliza nywele. Sijui alizimalizaje. Mtoto aliporudi kuogelea, alimpigia Winny simu Doha, na Winny alipojibu bila kushangaa, akafahamu kwamba naye anajua.

"Mama, alitaka kukuambia vizuri, mkiwa mahali pazuri."

"Mahali pazuri! Ananilisha keki ndipo anichune ngozi? Dada yako amelala huko kwao. Sasa na mtoto? Mwambie hivi, mwambie—"

"Sitamwambia kitu." Sauti ya Winny ilikuwa imechoka. "Mimi niko mbali, Mama. Kila neno likipita kwangu linafika limepoa. Mwambie mwenyewe."

"Wewe, umerukwa na akili?"

"Yuko hapo, Mama. Mtoto pia yuko hapo. Kesho hawako."

Seline alikaa na simu mkononi. Kisha akavaa viatu, akajifunga leso, akatoka. Njia nzima aliyapanga maneno yake: huyu mtoto ni wangu pia, mimi ndiye niliyemzaa mama yake, haendi popote. Getini aliweka ukanda wake wa manjano kwenye mashine, nayo ikamfungulia bila kumuuliza mila zake.

Wachira alikuwa bwawani, maji yakimfika kiunoni, mikono ameinyoosha kumpokea mtoto chini ya bomba. Alipoinua macho akamwona mama mkwe amesimama ukingoni, hakupiga kelele wala kukimbia. Alizama. Alijishusha mpaka maji yakamfika kidevuni, akabaki hivyo, kichwa kikielea kama boga. Siku nyingine Seline angecheka mpaka alie. Badala yake aligeuka, akampa mgongo, akatazama ziwa na magugu yake ng'ambo ya ua. Waithira akaja mbio, akasimama kati yao, maji yakimtiririka.

"Mwambie baba yako," Seline akaanza, "dani amesikia habari ya Nyahururu."

"Baba, Dani amesikia habari ya Nyahururu."

"Mwambie dani," sauti ya Wachira ikatoka chini, karibu na maji, "nilikuwa nakuja kusema leo jioni. Nilikosa pa kuanzia."

"Dani, baba anasema alikuwa—"

"Nimesikia. Mwambie..."

Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini alimtazama mtoto, aliyekuwa ameinua uso, mdomo wazi kidogo, akingoja kuyapokea. Lornah alikuwa mtu mzima alipobeba. Huyu angelazimika kuyatamka kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba anagombaniwa, na angeyakumbuka mpaka azeeke. Seline akayameza. Yalimkwaruza.

"Nenda kapande lile gurudumu," akasema. "Yule dada wa pale atakufunga mkanda. Ukifika juu uniangalizie Otonglo."

Mtoto akaruka ruka na kwenda. Wakabaki wawili, na hakuna mtu wa katikati. Manyunyu yakaanza, na waogeleaji wengine wakatoka majini mmoja mmoja.

"Ziwa," Seline akasema kwa sauti. Alijiona mjinga, lakini akaendelea. "Ziwa, wewe unanijua. Niambie mtu anachukuaje mtoto wa marehemu bila kumtazama aliyemzaa marehemu. Nimekaa mlangoni pangu nikimngoja amlete. Hakumleta hata siku moja."

Nyuma yake maji yalitikisika.

"Ziwa," Wachira akasema polepole, "mimi na wewe hatujazoeana, mimi ni mtu wa baridi. Lakini nilidhani mama yake Lornah amemkataa mtoto. Tangu Winny aondoke hajaja kumtazama hata mara moja. Mtoto alilazwa na malaria, mama yangu akatoka Nyahururu akaja. Otonglo ni hapo tu, na hakuja. Nikasema basi, hapa hatuna watu."

Seline nusura ageuke. Hasira zote alizokuja nazo zilipoteza mahali pa kushika.

"Hapa hamna watu!" akamwambia ziwa. "Mama mkwe haingii kwa mkwe wake vivi hivi kama anaingia sokoni! Mkwe ndiye huja. Lornah hakumwambia?"

"Lornah alikuwa akinikumbusha kila kitu siku yake ikifika. Sikujua kuna mengine yamebaki."

"Na hospitali nilikuja. Nilikaa kwa muuza soda ng'ambo ya barabara mpaka nikaona pikapu imetoka, ndipo nikapanda. Mtoto alikuwa amelala."

Mvua ilikuwa ikitoboa maji.

"Yale machungwa kando ya kitanda," Wachira akasema.

"Yangu."

"Nilimshukuru nesi."

Seline alilia. Hakujificha, maana mtu pekee aliyekuwa karibu alikuwa nyuma yake. Alililia lile duka la soda na Jumapili zote alizokaa mlangoni amevaa nguo nzuri. Alijililia yeye na huyu mwanamume mjinga, waliopeana heshima mpaka wakanyang'anyana mtoto.

"Duka la misumari bado liko?" akauliza, akisahau kulitaja ziwa.

"Nimeshalikabidhi kwa mwingine. Shule imempokea. Ningejua... Mama yangu ameshamwambia kila mtu kijijini."

Waithira akaja mbio kutoka kwenye gurudumu. "Dani! Nimeona Otonglo! Lakini nyumba yako sijaiona, miti imeficha."

"Ipo. Njoo hapa, simama wima."

Hakuwa na futi ya kupimia. Alipima kwa shubiri, begani hadi kiunoni, kiunoni hadi gotini, akizishika namba kichwani kama alivyofanya kwa maelfu ya watoto. Akarudia mara ya pili.

"Hiyo ya kijani nitaishona mimi. Na nitaacha pindo refu, refu kabisa. Muhula ukiisha utakuwa umeongezeka, pindo linashushwa. Muhula mwingine ukiisha, linashushwa tena. Na fundi wa kulishusha ni mimi, hapa Otonglo. Nyahururu mtu asiliguse. Mwambie baba yako hivyo."

"Baba, Dani anasema pindo—"

"Nimesikia, Mama," Wachira akasema. "Nitamleta."

Hakulisemesha ziwa. Alimsemesha yeye, na Seline alishtuka mabegani, kisha akatikisa kichwa kukubali, bado amempa mgongo. Alitamani kuuliza kama ni kweli, anayeahidi akiwa majini atakumbuka akiwa kule kwenye baridi na mama yake? Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza, na katika ule upepo alisikia kitu kidogo kinagonga, tena na tena. Yalikuwa meno ya Wachira. Mtu huyo alikuwa amechutama humo muda wote, na angekaa mpaka giza liingie.

"Twende," akamwambia mtoto, akamshika mkono. "Haraka."

"Kwa nini haraka?"

"Baba yako anataka kutoka majini."

Walipofika getini alisikia maji yakimwagika na nyayo zikipiga sakafu kukimbilia taulo. Waithira aligeuka kutazama. Seline hakugeuka.