Nipe Sauti

Alasiri amplifaya ilipoletwa nyumbani, mshonaji alikuwa anageuza kola ya shati la shule, na mtoto alikuwa chini ya meza ya cherehani anagawa vifungo. Anachomoa kifungo kwenye kopo, anakiweka juu ya mguu wa mama yake, anasema, "Tukua." Anachomoa kingine, anaupelekea mguu wa meza, nao anauambia, "Tukua." Ndiyo kwanza alikuwa anajifunza maneno, na hilo la "chukua" alilipenda kuliko yote. Mama yake ndiye aliyemfundisha, maana hakutaka kulea mchoyo.

Mtoto walimwita Kengele kwa sababu siku aliyozaliwa alilia mpaka mkunga akaziba masikio. Baba yake aliitwa Nyuzi. Alikuwa na jina jingine, lakini lilibaki kwenye cheti cha ndoa tu. Alipiga gitaa la solo katika bendi, na watu wanaojua walisema ana mkono mzuri. Yeye mkono haukumtosha.

"Sogeza hicho kiti, mama Kengele," alisema pale mlangoni, ameikumbatia amplifaya, sanduku la kukuzia sauti ya gitaa, kama mtu aliyebeba mgonjwa. "Hii sasa ndiyo yenyewe."

Mshonaji akasogeza kiti. Nyuma ya mlango zilikuwepo nyingine ambazo nazo ziliwahi kuwa zenyewe. Chini ya kitanda pedali za gitaa zilijipanga kama viatu vya wageni: ya mwangwi, ya kukwaruza, ya kulialia, na moja ambayo kazi yake hata Nyuzi alikuwa ameisahau. Gitaa lenyewe lilikuwa limetobolewa na kuzibwa mara nyingi, kila alipoondoa sumaku za kunasia mtetemo na kutia nyingine. Nyuzi alikuwa anatafuta sauti. Ukimuuliza sauti gani, alikwambia aliisikia mara moja tu, utotoni, kwenye redio ya jirani, stesheni inakatikakatika, na tangu siku hiyo hajapata usingizi wa maana.

"Chini iwe nene," alisema. "Katikati iwe kama mtu anakusemesha. Juu kuwe na kitu kinachoma kidogo. Kama sindano, lakini haiumizi."

Hii amplifaya aliipata kwa fundi redio mwenye kibanda nyuma ya soko, aliyeiunda kwa viungo vya redio zilizokufa. Aliichomeka ukutani, akasubiri taa zake ziwake, wenzake wawili wakaingia na vyombo vyao kwa ajili ya mazoezi: mpiga ngoma, na mpiga besi, mtu mnene, mpole, ambaye sauti yake ilitokea tumboni.

Kila bendi ina desturi zake. Hawa, kabla ya kuanza, Nyuzi alisema "Nipe sauti," na mpiga besi akaguna noti ya kwanza kwa mdomo, kisha akasema "Chukua." Hapo kila mmoja alikaza nyuzi zake. Walianza hivyo zamani, hawana hata kifaa cha kupimia, wakazoea.

"Nipe sauti," alisema Nyuzi.

Mpiga besi akavuta pumzi, akaguna. "Chukua."

Nyuzi akagusa uzi wa chini. Vikombe vikatetemeka kabatini, na mtoto akashika sakafu kwa mikono miwili. Ilikuwa sauti nene, yenye joto, ya kukaa ndani yake.

"Ee bwana wee," alisema mpiga ngoma.

Mpiga besi naye alifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Akajipapasa koo kama mtu anayetafuta funguo mfukoni, akatazama chini kama huenda imedondoka. Kisha akainua mabega, akaonyesha kwa kidole kwamba na yeye amiminiwe chai.

"Imeshika besi," alisema Nyuzi. "Safi kabisa."

Wakafanya mazoezi mpaka jua likazama. Mpiga besi akaenda kwake bubu. Kesho yake mke wake alikuja kuchukua gauni lililokuwa linapunguzwa kiuno, na mshonaji alipomuuliza habari za nyumbani alisema, "Nzuri tu, shoga. Angalau sasa hakoromi."

Mshonaji alicheka. Ukweli ni kwamba alikuwa ameupenda ule mlio. Jioni ile, mumewe alipopiga peke yake, alisimamisha cherehani ili asikilize, na machozi yakamtoka bila ruhusa.

Kicheko kilimkauka siku mama mkwe alipokuja. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno. Alianza kuongea akiwa barabarani, akaingia akiongea, akavua viatu akiongea. Nyuzi alikuwa amepiga magoti mbele ya amplifaya, anakunja uso.

"Katikati pana shimo," alisema. "Mama, hebu nipe sauti."

"Sauti gani tena, baba?"

"Yoyote. Nipe tu."

"Mwanangu, mimi nimekunyima nini tangu nikuzae?" alisema mama yake. "Chukua."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa mdomo. Nyuzi akapiga uzi wa kati, na gitaa likasema, yaani hasa likasema, kama mama mtu mzima anayelalamikia bei na magoti kwa wakati mmoja, akivuta mwisho wa kila neno. Shimo lilikuwa limezibwa. Mama mkwe alimalizia chai yake, akatikisa kichwa kwa fahari, akarudi kwake. Tangu hapo binti yake, wifi wa mshonaji, ndiye aliyemsemea. Alimtazama machoni, akakisia, na mara nyingi alikosea. Akitaka maji analetewa shuka.

Mshonaji alikaa kwenye cherehani, mguu juu ya kanyagio, hashoni. Aliwaza neno. Mpiga besi alisema chukua. Mama mkwe alisema chukua. Chini ya meza, mtoto wake alikuwa anaupa ukuta kifungo.

"Tukua," alisema Kengele.

Mshonaji aliinuka ghafla. Alimtoa mtoto chini ya meza, akamfunga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaenda moja kwa moja kwa fundi redio.

Fundi alikuwa anaunguza waya. Hakuinua kichwa.

"Mashine yako inachukua sauti za watu," alisema mshonaji.

"Haichukui, dada. Inapewa."

"Basi irudishe."

"Itoke vipi? Ikishaingia kwenye waya inachanganyika. Wewe umetia maziwa kwenye chai, halafu unaniambia nikutolee maziwa." Akapuliza moshi. "Imebaki nini?"

"Unauliza nini?"

"Kwenye sauti anayoitafuta mumeo. Chini tayari?"

"Tayari."

"Katikati?"

"Tayari."

"Basi imebaki trebo, ile ya juu," alisema fundi, na ndipo akainua kichwa. Alimtazama mtoto aliyekuwa anachungulia begani kwa mama yake. Kengele akampigia ukelele wa furaha, mwembamba, mrefu, na bisibisi zote zilizoning'inia kibandani zikalia. Fundi akarudi kwenye waya zake. "Mpeleke nyumbani mapema," alisema. "Mvua inakuja."

Siku zilizofuata, mshonaji hakumwacha mtoto peke yake na baba yake. Alikwenda naye chooni, alikwenda naye sokoni, alishona amempakata. Mikono ya mashati ikatoka mmoja mrefu, mmoja mfupi. Kila Kengele alipopiga ukelele, Nyuzi aliinua kichwa kutoka kwenye gitaa.

"Umesikia?" alisema. "Hiyo. Hiyo hiyo."

Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliomtisha mkewe. Mtu mkali unajua atakapoanzia.

"Baba Kengele," alisema siku moja, akikata uzi kwa meno ili asimtazame. "Usimwombe mtoto."

"Nisimwombe nini?"

"Unajua."

Nyuzi alifikiri. Hakuwa mtu mbaya, na hakutaka kujibu ovyo. "Bado mdogo," alisema. "Sauti ya utotoni inatoka tu, kama meno. Atapata nyingine."

"Na asipopata?"

"Mama Kengele, mimi nimeitafuta maisha yangu yote. Imebaki kidogo tu. Wewe ungeweza kuishi na kidogo?"

Yeye alikuwa ameishi na kidogo tangu waoane, lakini aliona si wakati wake wa kulisema. Akaanza kumfundisha mtoto neno jipya.

Alimpa kifungo, akaomba, "Nipe." Kengele akamnyoshea. "Hapana," alisema mama yake, akakirudisha kwenye kiganja kidogo na kukifumba. "Sema, changu." Mtoto akashangaa. Alifikiri ni mchezo uliogeuzwa kichwa chini. Wakarudia asubuhi, wakarudia mchana, kwa vifungo, kwa kijiko, kwa kipande cha mkate. Mara ya kwanza Kengele alipofumba ngumi na kusema "Angu!", mama yake alimbusu mpaka akalia.

Wifi aliyakuta hayo.

"Makubwa!" alisema, mikono kiunoni. "Wifi, watu wanafundisha watoto salamu, wewe unafundisha uchoyo?"

"Kila mtu na mtoto wake, wifi."

"Na huyo ni damu yetu pia. Kaka yangu mtu wa kutoa, mama yangu mtu wa kutoa. Mwone mama, anasema hata yeye amesikitika." Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yake, alikuwa anaashiria kwamba anataka kukaa.

Jumapili Nyuzi aliwaita watu. Alikuja mwenye studio ya kurekodi, mtu wa miwani na viatu visivyo na vumbi, aje aisikie sauti hiyo kabla ya kupanga siku ya kuirekodi. Walikuja mpiga ngoma, mpiga besi na mkewe, wifi na mama mkwe. Viti havikutosha, wengine wakakaa juu ya amplifaya zilizowahi kuwa zenyewe. Mshonaji alikaa kwenye kiti cha cherehani, Kengele magotini. Vidole vyake vilikuwa vya baridi hata mtoto akavisukuma.

Nyuzi alipiga. Mwenye studio alisikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Chini nzuri," alisema. "Katikati sijapata kusikia. Juu..." Akazungusha vidole hewani.

"Najua," alisema Nyuzi. Akaliweka gitaa, akaja akachuchumaa mbele ya mtoto wake, akatabasamu. Alikuwa na tabasamu zuri. "Kengele. Mpe baba sauti."

Mshonaji alitaka kumziba mtoto mdomo, lakini mikono ilikuwa imekufa. Kengele alimtazama baba yake, akatazama amplifaya yenye taa nyekundu, akatazama watu wote waliokuwa wanamngoja. Alipenda kutoa. Alinyosha kiganja kitupu, kikakaa hewani.

"Mpe baba, mwanangu," alisema wifi. "Usiwe kama mama yako."

Kiganja kikafumba.

"Angu!" alisema Kengele.

Watu wakaangua kicheko. Mpiga ngoma akapiga paja. Hata Nyuzi alicheka, akamfinya mtoto shavu, akainuka. "Nimenyimwa mchana kweupe," alisema. Akazunguka nyuma ya amplifaya, akainama, akaanza kulegeza kifuniko. Mshonaji akashusha pumzi ambayo alihisi ameibeba tangu siku ile ya kibandani kwa fundi. Bega moja likashuka, kisha la pili.

Nyuzi alinyosha mkono nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, kama alivyozoea kuunyosha miaka yote akitaka bisibisi, akitaka kikombe, akitaka taulo, akitaka shati lililopigwa pasi.

"Mama Kengele," alisema. "Nipe sauti."

Bisibisi ilikuwa kando ya cherehani. Mkono wa mshonaji ulikuwa umeshaifikia, na mdomo ulikuwa umeshasema.

"Chukua."

Nyuzi hakuipokea bisibisi. Kisha akaifunga amplifaya, akashika gitaa, akagusa uzi wa juu.

Ikatoka. Nyembamba, safi, ikapita katikati ya kila kifua mle ndani na kutokea mgongoni, na haikuumiza. Mwenye studio alivua miwani. Mke wa mpiga besi alianza kulia taratibu. Nyuzi alifumba macho, uso ukawa wa mtoto aliyesimama dirishani kwa jirani.

"Kumbe mtoto kaipata kwa mama yake," alisema. "Na muda wote ilikuwa humu humu ndani."

"Kesho asubuhi njoo studio," alisema mwenye studio.

Wifi alimgeukia mshonaji, akamshika bega. "Hongera, wifi. Unaona sasa?" Akamtazama machoni kwa makini, akawatangazia wengine, "Amefurahi sana."

Mshonaji alikuwa bado ameishika bisibisi. Hofu yote ilikuwepo pale pale, haikupungua hata kidogo, ila sasa haikuwa na pa kutokea. Alijaribu kuisukuma, ikagonga kwenye meno na kurudi.

Wageni walipoanza kutafuta viatu vyao, Kengele alitelemka magotini, akaenda jikoni kutafuta mkate, akakuta jiko limezimwa na hakuna mtu. Akaita kwa sauti yake yote, ile ambayo ilikuwa bado ni yake.

"Mama!"

"Abee," ilijibu amplifaya.

Mtoto akarudi mbio. Akampita mama yake aliyekuwa ameshafungua mikono, akaenda kusimama mbele ya sanduku, akaweka shavu kwenye kitambaa cha spika, pale penye joto. "Mama," alisema tena, chini chini.

"Abee, mwanangu."

Mwenye studio, mguu mmoja ndani ya kiatu, aliinua kichwa. "Ni nani huyo?"

"Si mtu," alisema Nyuzi. Aligeuza kitufe kulia, akageuza kushoto, akatega sikio, akakunja uso. "Kuna kelele kidogo humu. Usijali. Kabla ya kuja studio nitapita kwa fundi aiondoe."