Stata ya Pikapu Yetu

Mimi huuza kabeji soko la Kangemi, na kwa miaka miwili pikapu yetu haikuwaka bila watu wawili. Mimi nageuza ufunguo, mume wangu Nzau analala chini ya gari na shati lake la ofisi, anagonga stata, ile mota ya kuwashia injini, kwa spana mpaka injini inashika. Kisha, kwa kuwa ameshaamka, anapanda tunaenda sokoni pamoja kabla hajashika njia ya kazini mjini.

Mwaka 2006 akahamishiwa Kitui, aondoke Jumatatu. Jumamosi nikamwambia wazi: stata isipotengenezwa, biashara yangu imekwisha. Siwezi kugonga na kuwasha kwa wakati mmoja, na saa kumi na moja alfajiri sina wa kumwamsha.

Tukaigonga, tukaenda kwa fundi Muthama karibu na Adams Arcade. Njia nzima Nzau alikuwa akishikashika mfuko wake, nikadhani ni mawazo ya Kitui.

"Washa taa, halafu piga stata," Muthama akaniambia. Stata ikalia tik moja, taa zikabaki kali vilevile. "Betri iko sawa. Ingekuwa imeisha, taa zingefifia."

Akaifungua stata, akatoa vipande vya kaboni vilivyolika mpaka vikabaki kama punje za mahindi. "Hizi brashi ndio zimeisha. Ukigonga zinagusa kidogo, basi. Mama, hii ni kazi ya nusu saa. Mlikuwa mnangoja nini?"

Hapo Nzau akatoa mfukoni kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na brashi mpya, pamoja na risiti ya duka la River Road ya mwaka 2004.

Damu ikanichemka. Miaka miwili nachelewa soko, miaka miwili nafua mashati yaliyojaa oili.

"Baba Stacy, ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo." Akainama. "Ningezifunga, ungekuwa unaenda Kangemi mimi nikiwa bado kitandani. Tungeongea saa ngapi, Mama Stacy? Jioni unalala ukiwa umekaa."

Muthama akajifanya anatafuta spana. Nilitaka kumgombeza Nzau, lakini hata mimi niliipenda ile safari kuliko nilivyowahi kumwambia. Nikamwambia, fundi akisikia huku akizifunga zile brashi mpya.

Jumatatu alfajiri nilimpeleka stendi ya mabasi ya Machakos, pale mjini. Basi lake lilipoondoka nikageuza ufunguo. Injini ikashika papo hapo, nikashika njia ya sokoni peke yangu, na nikalia mpaka Westlands.