Makluba ya Mama Rabah

Jumanne, saa moja asubuhi, Ruhama na Tsipora walifika kwenye kizuizi cha jeshi cha barabarani na chupa ya kahawa, kalamu mbili na fomu. Walikuwa wanawake wastaafu wa Kiisraeli waliojitolea kuangalia jinsi askari wanavyowavusha Wapalestina. Kwa miaka tisa waliandika ni wangapi wamesubiri, na kwa muda gani. Tsipora alikuwa amesahau miwani, kama kila Jumanne.

"Andika wewe," alisema.

"Na wewe utafanya nini?"

"Nitakunywa kahawa."

Foleni ilikuwa ya watu mia na arobaini. Katikati alisimama Mama Rabah, amekumbatia sufuria iliyofungwa blanketi. Binti yake Nida alijifungua juzi katika hospitali ya upande wa pili, na hakutaka kula chochote ila makluba ya mama yake. Kibali cha Mama Rabah kilikuwa cha mpaka saa sita mchana.

Saa tatu na nusu alifika dirishani. Askari, kijana aitwaye Yiftah, alinusa.

"Fungua hiyo. Chini kuna nini?"

"Kuku, viazi, biringani. Juu wali."

"Chini sipaoni. Pindua."

"Mwanangu, hata jina lake, makluba, maana yake ni kilichopinduliwa. Lakini hupinduliwa mara moja tu, mbele ya wanaokula."

"Mimi niko mbele. Pindua."

Mama Rabah hakubishana, muda ulikuwa unakwenda. Alifunika sufuria kwa sinia aliyokuja nayo, akapindua, akagonga kitako mara tatu, akangoja kidogo kama inavyotakiwa, akainua.

Kizuizi kikapinduka pamoja nayo. Mabati ya paa yakawa chini, sakafu ya zege ikawa juu. Yiftah akajikuta kwenye foleni nyuma ya fundi vigae, bunduki begani, kibali hana. Mama Rabah akajikuta ndani, nyuma ya kioo. Kiti kilikuwa kimebaki juu, kwenye sakafu, kwa hiyo alisimama.

Watu wote walitazama sinia. Wali ulikuwa umesimama, mviringo kamili, biringani zimelala juu yake kama zilizopangwa kwa mkono.

"Haukubomoka!" alisema fundi vigae. "Wa mke wangu hubomoka kila Ijumaa."

"Mwambie asiukoroge," alijibu Mama Rabah kwa kipaza sauti cha askari.

"Uliuacha utulie dakika ngapi kabla ya kuufunga blanketi?" aliuliza Tsipora.

"Kumi na tano, dada. Wewe ni mtu wa haraka, nakuona usoni."

"Tena sana," alisema Ruhama.

Yiftah alinyoosha shingo. "Mama, nipitishe. Niko kazini."

"Pita, mwanangu. Piteni wote."

Alibonyeza kitufe cha kijani. Lango la chuma la kuzunguka halikusogea. Lilikuwa likifungwa kutoka makao makuu, na makao makuu hayakuwa yamepinduka.

Ruhama alipiga simu huko, kama kila Jumanne.

"Tunashughulikia," walimjibu, kama kila Jumanne.

Kufikia saa tano watu walikuwa wamezoea. Walikaa juu ya taa, wakaning'iniza mifuko kwenye miguu ya meza. Saa sita kibali kikaisha. Mama Rabah alikikagua mara mbili, maana sasa hiyo ilikuwa kazi yake, akakirudisha pochini. Kisha akaanza kupakua makluba kabla haijaharibika, akiipitisha sahani moja moja chini ya kioo. Yiftah alingoja zamu yake.

"Fomu haina mahali pa kuandika kupinduka," alisema Ruhama.

"Weka kwenye Mengineyo," alisema Tsipora, mdomo umejaa.

Ruhama aliandika: *Paa liko chini. Wali haukubomoka.* Kwenye safu ya waliopita tangu saa tatu na nusu aliandika sifuri.

Simu ya Mama Rabah ililia. Ilikuwa Nida.

"Mama, nasikia umeipindua huko. Wali ulisimama?"

"Ulisimama, binti yangu. Kila mtu ameona."

"Na wewe?"

"Mimi pia," alisema Mama Rabah. "Tangu asubuhi."