Majani Kumi na Manne

Vumbi lilisimama ndani ya mwanga wa dirisha la jikoni, halishuki wala halipandi, nami nilisimama chini yake na beseni la majani. Nimechoka, mama. Nililisema hilo kimoyomoyo, maana ulikuwa umekaa pale mlangoni kwenye kiti chako chenye mto, na masikio yako kiharusi hakikuyagusa.

Tangu asubuhi nilikuwa nikipiga pasi mashuka ya hoteli. Nilikunja kushoto, nilikunja kulia, niliviringisha taulo za watu nisiowajua. Nikarudi nyumbani, nikavua viatu, nikaanza kukunja majani ya mzabibu wako: kushoto, kulia, viringisha. Kazi ni ileile, kitambaa tu kimepungua.

Niliyachuma mwenyewe kwenye ukuta wa nyuma, karibu na tangi la maji, yale laini ya nchani, kama ulivyonifundisha. Nikayatia maji ya moto hadi ubichi ukatoka rangini. Nikakata vikonyo. Nikachanganya mchele, kitunguu, mafuta, ndimu na nanaa, vya kufungia ndani ya majani. Upande unaong'aa chini, upande wa mishipa juu, mchele kijiko kimoja, sio viwili, maana bado mbichi na utavimba sufuriani.

Siku tisa, mama, ulikuwa hujala chakula cha maana. Uji vijiko viwili, chai nusu kikombe, basi. Mkono wako wa kulia, ule uliokata vitambaa vya magauni ya mtaa mzima, umelala mapajani kama mgeni aliyepitiwa na usingizi. Wa kushoto ni mzima, lakini maisha yako yote hukuwahi kuupeleka kinywani, na ulikuwa ukiona aibu kuanza uzeeni. Na kijiko changu hukitaki. Nikikuletea, unafunga mdomo, unageuza uso ukutani. Daktari alisema usipokula wiki hii watakuwekea mpira wa chakula puani. Ulimsikia. Ulikuwa umekaa hapohapo.

Ndiyo sababu ya majani haya. Hayataki kijiko, hayataki mtu wa kukulisha. Yanataka vidole viwili tu, na hayaulizi ni vya mkono gani.

Nimechoka, mama, na mimi nikichoka nakuwa na hasira, unanijua. Nilikuwa na hasira na kaka, anayepiga simu kila jioni kuuliza mgonjwa anaendeleaje, na hata siku moja hajauliza anayemuuguza anaendeleaje. Nilikuwa na hasira na mgongo wangu. Na acha niseme ukweli: nilikuwa na hasira na wewe, na huo mdomo wako uliofungwa. Hasira ikashuka vidoleni. Nikakaza, nikakaza, kila jani likawa gumu kama penseli. Nikayapanga sufuriani duara kwa duara, nikayakandamiza kwa sahani, nikawasha moto.

Yakapasuka. Mchele ulitaka nafasi, mimi sikuupa. Nilipofunua kifuniko nilikuta matambara ya kijani yanaelea kwenye uji. Nikakaa sakafuni, nikaegemea kabati.

"Umekaza," ulisema. Neno lilitoka limepinda upande mmoja, ila lilifika.

"Nimeona, mama."

"Mchele umekukosea nini?"

Nikacheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. Kwenye beseni yalibaki majani kumi na manne, na mchele kidogo kwenye bakuli. Nikasukuma kiti chako hadi mezani, kwa kuwa sikuwa na nguvu ya kuanza upya peke yangu. Nilitaka tu uwe karibu.

Ukanyoosha mkono wa kushoto. Ukalaza jani. Ukatia mchele, nusu ukamwagika mezani. Ukakunja, likafunguka. Ukakunja tena. Kwa muda ule mimi ningekuwa nimekunja mashuka sita. Nilipoleta mkono kukusaidia ulisema, "Acha," nami nikaacha, ikaniuma. Jani lako la kwanza lilitoka limelegea, limepinda, lina kitambi.

Saba ukakunja wewe, saba nikakunja mimi. Yangu niliyakunja nikiangalia yako, polepole, nikiuachia mchele nafasi yake. Tukayapika, na safari hii hakuna lililopasuka.

Nilipoweka sahani mbele yako, kwanza uliangalia mikono yangu, ukaona haina kijiko. Kisha ukaangalia mlangoni, kana kwamba kuna mtu angekuona. Ukachagua moja katika yale yako, lenye kitambi, kwa vidole viwili vya kushoto. Likadondoka mapajani, juu ya ule mkono uliolala.

Mwili wangu wote uliinuka. Nikaurudisha kitini, nikaweka viganja chini ya mapaja, nikaikalia mikono yangu. Nilikuwa naogopa, mama. Niliogopa ungegeuza uso ukutani.

Ukaliokota. Likapanda polepole, likafika. Mafuta yakakuteremka kidevuni, nami nikayaacha yateremke. Ukatafuna kwa upande ule unaofanya kazi. Ukameza, na mimi nikameza nawe, mate matupu.

"Ndimu haikutosha," ulisema, ukachukua la pili.